Sukari na Mwendesha Baiskeli

Mwendesha baiskeli aliyekonda kwa mazoezi, kisha unene ukamrudia, hapa Kigali ataujua upesi: kila kilo ya ziada huipandisha mlimani kwa miguu yake. Basi na aangalie kikombe chake. Kijiko cha chai huchukua sukari gramu 4 hivi. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema kubaki chini ya 25 hivi kungefaa zaidi. Lakini asiikimbie sukari kila mahali! Katika mashindano ya dunia yaliyofanyika hapa Septemba 2025, wanaume walikwenda kilomita 267.5, wakila vitu vitamu njiani, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huichoma sukari mara moja. Aliyeketi huichoma kidogo tu, na ikizidi haja ya mwili hugeuka mafuta. Mimi ningeanza na chai ya jioni, maana baada yake ni kulala tu.