Somo la Robo Hii: Mikutano kwa Video ya Picha Angavu, Tuanze na Runinga au na Kipaza Sauti?



Katika miezi ya karibuni tumepokea barua zinazofanana kutoka pande mbili. Kamati za parokia zinaomba runinga kubwa na kamera ya picha angavu ili ziweze kukutana na marafiki wa miradi walioko Ulaya bila mtu kupanda ndege. Wahisani nao wanatuuliza kama kuchangia vifaa hivyo kutakuwa msaada wa kweli. Badala ya kujibu barua moja moja, tumeona tulifanye jambo hili kuwa somo, ili kamati ilisome kwa pamoja kabla ya kuandika ombi lingine.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba picha angavu ni kitu kizuri, ila katika mkutano wa kazi ni kitu cha nne kununuliwa. Sauti hutangulia, kisha mtandao, kisha mwanga wa chumba. Kamati inayoanza na kile cha nne hujikuta na runinga nzuri ukutani na mkutano usiosikika.

Picha angavu ni nini?

Picha ya video hutengenezwa kwa nukta ndogo ndogo. Vifaa vya mikutano vya miaka ya 1990 vilituma kwa kawaida nukta 352 kwa upana na 288 kwa kimo, yaani kama 101,000 kwa jumla. Picha ambayo kwenye boksi la kifaa huandikwa herufi HD huanzia nukta 1,280 kwa 720, ambazo ni 921,600, mara tisa ya zile za zamani. Ile kamili ni 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili.

Kama kila nukta ingetumwa ilivyo, picha 30 kwa sekunde, hata ile ndogo ya HD ingehitaji zaidi ya megabiti 660 kwa sekunde. Hakuna parokia yenye njia ya namna hiyo, wala kampuni nyingi za mjini. Kwa hiyo kifaa hutuma hasa kile kilichobadilika tangu picha iliyotangulia. Kanuni ya kubana picha iitwayo H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, ndiyo iliyowezesha picha angavu kupita katika megabiti moja hadi moja na nusu. Hapa pana jambo la manufaa kwa kila mmoja wetu: pazia linalopepea nyuma ya mwenyekiti, feni inayozunguka au mti unaoyumba dirishani vyote ni mabadiliko, na vyote hula mtandao. Ukuta mtupu hauli kitu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya AT&T ilionyesha simu ya picha katika maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaanza kuiuza Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi. Wateja wakawa wachache na biashara ikafa. Picha angavu ilikuja baadaye sana: LifeSize ya Texas ilitoa mitambo yake mwaka 2005, mwaka huo huo Hewlett-Packard ikatangaza vyumba vyake vya Halo ilivyovibuni pamoja na watengenezaji filamu wa DreamWorks, na Oktoba 2006 Cisco ikauza chumba cha runinga tatu kwa dola 299,000. Wanunuzi walikuwa makampuni makubwa yaliyolinganisha bei hiyo na tiketi za ndege za wakurugenzi wake. Leo kamera ya ubora huo imo ndani ya simu ya kawaida mfukoni mwa katibu wa kigango, na gharama imehamia kwenye kifurushi cha intaneti.

Hesabu ya kifurushi

Tufanye hesabu pamoja. Mkutano wa picha angavu hutumia takriban megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na nyingine 1.2 kurudi. Jumla ni 2.4, na ukigawanya kwa nane unapata megabaiti 0.3 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja: megabaiti 1,080, yaani gigabaiti moja na ushei. Mkutano wa saa mbili umekula gigabaiti mbili kwa kila upande. Sauti peke yake, kwa megabiti 0.08 kwenda na nyingine 0.08 kurudi, hula megabaiti 72 kwa saa. Ni tofauti ya mara kumi na tano, na mhazini wa kamati anapaswa kuijua kabla ya kupitisha matumizi.

Tena kasi inayotangazwa na makampuni ya simu mara nyingi ni ile ya kupokea. Kasi ya kutuma huwa ndogo zaidi, na mkutano hukwama hapo. Ninyi mnawaona wenzenu wa Ulaya vizuri kabisa, wao wanaona picha yenu imeganda, na kila upande unadhani mambo ni shwari.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti, wazee wa miradi watakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya mwaka 2009, pwani yetu ya Afrika Mashariki ilipotegemea setilaiti. Setilaiti zile hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Neno lako lilitumia karibu robo sekunde kupanda na kushuka, na jibu robo nyingine kurudi. Nusu sekunde inaonekana ndogo, lakini inatosha kuwafanya watu wawili waanze kusema kwa pamoja, wanyamaze kwa pamoja, kisha waanze tena. Mikongo ya baharini, SEACOM Julai 2009 na EASSy mwaka 2010, ilipunguza tatizo hilo sana. Haikuliondoa la kukatika: tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili iliharibika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti au kuipata kwa shida. Kamati isiyo na namba za simu za kawaida za wajumbe wake siku kama hiyo haina mkutano.

Kwa nini tunasisitiza sauti

Kumbi zetu nyingi zina kuta za tofali, sakafu ya saruji na paa la bati. Sauti hugonga huku na huko, na mvua ikinyesha mazungumzo yamekwisha, hata kamera iwe ya bei gani. Mjumbe aliyekaa mita mbili kutoka kwenye kipaza sauti hufika upande wa pili akiwa hafifu, huku mwangwi wa ukuta ukifika na nguvu zake zote. Vitambaa vizito ukutani, mkeka sakafuni na kipaza sauti kinachopitishwa mkono kwa mkono husaidia kuliko kifaa chochote tulichoona kikinunuliwa. Wajumbe wakiwa wawili au watatu tu, spika za masikioni zinatosha. Na kwa upande wa mwanga, dirisha liwe mbele ya uso. Mtu aliyeketi dirisha likiwa nyuma yake huonekana kivuli, na nukta milioni mbili zitaonyesha kivuli hicho kwa uwazi mkubwa.

Tulihudhuria kama wasikilizaji mkutano wa kamati moja ya mradi wa maji iliyokuwa na kamera nzuri mjini. Ajenda ilikuwa kuhamisha sehemu ya fedha za tangi la kigango cha mlimani kwenda kwenye pampu. Mzee mwenyekiti wa maji wa kigango hicho alikuwa kwenye simu. Picha yake ilikuwa safi, aliketi ametulia, anatazama. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, hakuna aliyejibu, muhtasari ukaandikwa kuwa wote wameafiki. Siku mbili baadaye mzee alipofika ofisini kwao alisema sauti ilikatika mapema. Aliwaona wakitikisa vichwa, akadhani wanasalimiana na wageni. Ilibidi kamati iitishe kikao kingine, na kwa wiki tatu kigango kizima kiliamini kwamba tangi lao limeuzwa.

Kwa hiyo tunazishauri kamati zote ziweke kanuni hii katika taratibu zao: kabla ya uamuzi wowote wa fedha, mwenyekiti amwite kila mjumbe kwa jina, na mjumbe ajibu kwa mdomo. Asiyejibu hahesabiwi kuwa ameafiki wala hahesabiwi katika akidi. Apigiwe simu ya kawaida, na asipopatikana jambo hilo lisubiri. Muhtasari uonyeshe nani aliunganishwa kwa video na nani kwa simu. Pia hakikisheni katiba ya kikundi chenu inaruhusu vikao vya namna hii. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walifanya mkutano wao wa kawaida kwa video tarehe 27 Februari 2021, kwa hiyo kukutana hivyo si jambo la aibu. Ila kuwe na taratibu zilizoandikwa.

Ni wapi picha angavu inastahili fedha

Kwa kukagua stakabadhi, haistahili. Karatasi ikipigwa picha na kutumwa siku moja kabla husomeka vizuri kuliko ikishikwa mbele ya kamera na mkono unaotetemeka. Kwa kuonyesha msingi wa jengo, video fupi iliyorekodiwa na kutumwa baadaye hushinda matangazo ya moja kwa moja yanayokatikakatika. Na mhasibu anapoonyesha jedwali lake kupitia programu ya mkutano, herufi hupita safi kwa mtandao mdogo, kwa sababu ukurasa haubadiliki kila sekunde.

Inastahili mahali ambapo macho ndiyo yanayofanya kazi ya mkutano. Mafunzo ya mikono ni mfano mmojawapo: muuguzi anayeonyesha namna ya kufunga kidonda, fundi anayeonyesha valvu ya pampu. Mfano mkubwa zaidi, na unaosahaulika mno katika maombi tunayopokea, ni viziwi. Lugha ya alama huhitaji picha karibu 25 kwa sekunde na vidole vionekane kimoja kimoja. Picha ikiruka, sentensi imepotea. Kama kamati yenu ina mjumbe kiziwi, au mradi unawahudumia viziwi, basi kwenu picha angavu huchukua nafasi ya sauti katika mpangilio tuliotaja, yaani nafasi ya kwanza. Ombi la namna hiyo tutalipeleka kwa wahisani bila kusita.

Wahisani wetu nao tunawaomba jambo moja. Kabla ya kutuma runinga, ulizeni kasi ya kutuma ya mahali hapo, umeme hukatika mara ngapi kwa wiki, na ni nani atakayelipia kifurushi mwaka wa pili. Mchango wa kipaza sauti kizuri, betri ya akiba na kifurushi cha miezi kumi na miwili hauna mvuto kwenye picha ya makabidhiano, lakini huufanya mkutano ufanyike. Na mkiwa na mtandao mkubwa upande wenu, zimeni picha zenu wenyewe pale wenzenu wanapoanza kukatika. Inawapunguzia mzigo wa kupokea.

Kuhusu saa, andikeni mialiko kwa tarakimu za saa 24. Saa kumi jioni ya Dar es Salaam ni 16:00, na Berlin wakati huo ni 14:00 majira ya baridi na 15:00 majira ya joto. Mgeni akisoma "saa 10" ataingia asubuhi na kukuta chumba kitupu.

Kamati itakayoleta ombi la vifaa kwa robo ijayo iambatanishe karatasi ya jaribio la dakika kumi lililofanyika katika ukumbi wenyewe utakaotumika: kasi ya kutuma iliyopimwa saa ya mkutano, idadi ya mara sauti ilipokatika, na sahihi ya mjumbe aliyekuwa mbali kuliko wote akithibitisha kwamba alisikia.