Jua Haki Zako: Biashara ya Chapa ya Baridi na Umiliki wa Ng'ombe

Chapa ya baridi ni alama ya kudumu inayowekwa kwenye mwili wa ng'ombe kwa chuma cha shaba kilichopozwa kupita kiasi, tofauti na chapa ya moto iliyozoeleka ambayo huunguza ngozi. Mbinu hiyo, iliyobuniwa katika miaka ya 1960 na daktari wa mifugo R. Keith Farrell wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington nchini Marekani, hutumia ama naitrojeni ya kimiminika, ambayo baridi yake hufikia nyuzi 196 chini ya sifuri za Selsiasi, ama barafu kavu iliyochanganywa na spiriti. Baridi hiyo huua chembe zinazotia nywele rangi, hivyo nywele zinazoota baadaye huwa nyeupe na kuonyesha herufi au tarakimu iliyopigwa. Kwa ng'ombe mweupe, chuma hushikizwa kwa muda mrefu zaidi hadi mashina ya nywele yafe na alama ibaki kama upara. Kwa kuwa ngozi huharibika kidogo kuliko kwa moto na alama husomeka kwa mbali, huduma hii inaweza kumpatia kipato kijana au kikundi kitakachojifunza kuifanya vizuri. Hata hivyo, anayeitoa nchini Tanzania hauzi alama peke yake. Anauza ushahidi wa umiliki, na ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria humdhuru mfugaji aliyeulipia.

Sheria ya msingi ni Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya 2010, ambayo iliweka mfumo wa kitaifa wa kumtambua mnyama, kumwandikisha na kufuatilia nyendo zake kwa lengo la kudhibiti magonjwa na wizi, kulinda usalama wa chakula na kufungua masoko. Chapa binafsi ya mfugaji haichukui nafasi ya utambuzi unaotakiwa na serikali, na mfugaji anayeambiwa na mtoa huduma kwamba akipiga chapa ya baridi hana tena haja ya hereni au usajili anadanganywa. Kwa sababu hiyo, anayeanza biashara hii anapaswa, kabla hata ya kununua vifaa, kupeleka muundo wa chapa anazokusudia kupiga kwa ofisa mifugo wa halmashauri, kueleza sehemu ya mwili itakayopigwa, na kuomba jibu kwa maandishi, ili chapa ya mteja mmoja isifanane na ya mwingine wala na alama za serikali.

Suala linalozaa migogoro mingi ni ridhaa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba pale yanapofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anayechunga ng'ombe wa baba yake hana uwezo huo, hata kama ndiye anayewajua ng'ombe wote kwa rangi na kwa majina. Zizi la Kitanzania, aidha, mara nyingi huwa na ng'ombe wa watu kadhaa: wapo waliokabidhiwa na ndugu au rafiki ili watunzwe, wapo wa mahari ambayo bado inajadiliwa, wapo wa urithi ambao haujagawanywa, na wapo wa mke mwenyewe, ambaye Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Kupiga chapa ya mwenye zizi kwenye ng'ombe wote hao kwa siku moja ni kuwaandalia wajane na yatima kesi ngumu, na mtoa huduma mwaminifu hapaswi kukubali kazi ya namna hiyo kabla ya kuuliza, mbele ya mashahidi, kila ng'ombe ni wa nani.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi katika Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inayoweka kanuni kwamba mtu anayeonekana kuwa na mali mkononi huchukuliwa kuwa mwenye mali, na anayedai kuwa siye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Mfugaji anayemkuta ng'ombe wake katika kundi la mwingine hubeba mzigo huo, na hapo ndipo chapa iliyoandikishwa humsaidia. Kwa upande mwingine, wizi wa ng'ombe chini ya kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu unaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 15, na mpiga chapa anayeweka alama mpya juu ya ng'ombe huku akijua kuwa ni wa wizi anaweza kushtakiwa pamoja na mwizi.

Chapa ya baridi ina udhaifu mmoja ambao chapa ya moto haina: haisomeki siku inapopigwa, kwani ni lazima nywele mpya ziote, jambo linalochukua wiki kadhaa. Katika kipindi hicho ng'ombe anaweza kuuzwa au kuibwa bila chapa inayosomeka vizuri. Mteja ana haki ya kudai, pamoja na risiti, hati yenye tarehe, jina la mmiliki, umri, jinsia na rangi ya ng'ombe, mchoro wa chapa na sahihi za mashahidi, na mkataba useme wazi ni nani atakayegharamia kurudia kazi iwapo alama haitasomeka.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, hivyo kibanio imara, nywele zilizonyolewa na muda sahihi wa kushikiza chuma ni wajibu. Ni busara kazi isimamiwe na mtaalamu anayetambuliwa na Baraza la Veterinari, kwa kuwa chuma kikishikizwa kupita kiasi huacha kidonda.

Naitrojeni hupatikana kupitia mtandao wa uhimilishaji, yaani upandikizaji wa mbegu za madume, ambao kitovu chake ni Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River mkoani Arusha. Lita moja ikigeuka gesi hujaza takribani lita 700 za nafasi na kufukuza hewa ya oksijeni, kiasi kwamba anayeisafirisha ndani ya gari lililofungwa madirisha anaweza kuzimia na kufa bila kunusa chochote. Kwa hiyo, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, mwajiri anawajibika kulinda usalama wa vibarua wake, na kibarua hapaswi kushika chuma bila glovu na kinga ya macho. Akiumia, fidia hudaiwa kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri.

Taratibu nyingine ni za biashara yoyote: jina husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA), na leseni huombwa halmashauri, ambako mwombaji anaweza pia kuomba kuonyeshwa sheria ndogo inayohalalisha kila ada anayotozwa.

Mgogoro wa madai usiozidi shilingi milioni 30 kuhusu mali inayohamishika, ng'ombe wakiwemo, unaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuwaendea wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Aende na hati ya chapa mkononi, na kama hakupewa, aidai kwa mpiga chapa leo, kabla ng'ombe hajatoka zizini.