SOMO: FUNGUO ZA MTANDAO NA KASHA LA KUZITUNZIA



Mwenzetu mmoja mwenye mikarafuu hapa kisiwani, ambaye sasa anakaa Usinge kwa biashara ya duka, ametuletea maswali. Kwa wasiopajua, Usinge ni stesheni ya reli ya kati baina ya Tabora na Kigoma, katika nchi ile ambayo zamani misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita ikielekea Ujiji. Wazee walifika huko kwa safari ya miezi. Yeye huliendesha shamba lake kutoka huko kwa simu.

Anasema ana baruapepe, akaunti ya benki, akaunti ya kodi, na tovuti mbili tatu za kuagizia bidhaa. Kote huko alitumia neno la siri moja tu, yaani jina la mwanawe na mwaka aliozaliwa. Tovuti moja ndogo ikaibiwa daftari lake, na siku chache baadaye akajikuta amefungiwa nje ya baruapepe yake mwenyewe. Fedha za benki hazikuguswa, alhamdulillahi. Sasa auliza: hizi programu za kutunza maneno ya siri ni za kuaminika, na achague ipi?

Twaona swali hili ni letu sote, kwa kuwa fedha za karafuu siku hizi hupita benki na katika simu.

Yafaa kwanza tujue wizi wenyewe unavyokuwa. Wengi hudhani mwizi hukaa akabahatisha neno la mtu. Mara nyingi sivyo. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, nayo yalikuwa yameandikwa wazi kabisa. Lililotumiwa na watu wengi kuliko yote lilikuwa 123456. Mwizi akipata daftari kama hilo huchukua kila baruapepe na neno lake, akaiamuru mashine ijaribu neno hilo katika milango mingine elfu. Na baruapepe ndiyo mlango mkuu, maana aliye nayo aweza kuomba neno jipya kwa akaunti nyingine nyingi. Wala jambo hili si geni: mwaka 1962 katika chuo cha MIT, mwanafunzi Allan Scherr aliona muda wa kompyuta aliogawiwa haumtoshi, akaiagiza mashine imchapie faili la maneno ya siri ya watu wote, nayo ikamchapia.

Basi dawa ni kila mlango kuwa na ufunguo wake, tena mrefu. Lakini nani atakumbuka funguo thelathini? Hapo ndipo programu hizi zinapohitajiwa. Zifikirini kama lile kasha la misumari ya shaba lililokuwamo chumbani kwa bibi: ndani mlikuwa na hati, dhahabu na funguo za nyumba nzima, na ufunguo wa kasha lenyewe bibi aliufunga kwenye pindo la kanga. Programu hutunga maneno marefu yasiyo na maana, huyaweka ndani, na huyageuza yote yawe maandishi yasiyosomeka mpaka mwenyewe alete neno kuu. Zilizo nzuri hazilijui neno kuu hilo, wala kampuni haina nakala yake. Faida nyingine watu hawaitaji sana: ukiletewa kiungo cha tovuti ya benki ya uongo, iliyofanana na ya kweli kama mapacha, programu haitakupendekezea neno lako, kwa sababu hutazama anwani na si sura.

Sasa kuchagua. Tusitazame matangazo, tutazame maswali machache: Wenyewe wakiibiwa, mwizi atapata nini? Kasha hufunguka mahali pasipo mtandao? Na simu ikitumbukia mtoni, au mwenyewe akifa, itakuwaje?

Swali la kwanza si la kubuni. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass iliingiliwa, na wezi wakanakili makasha ya wateja. Maneno ya siri yalikuwa yamefumbwa, lakini anwani za tovuti hazikufumbwa, na wateja waliokuwa na neno kuu dhaifu wakabaki khatarini, kwa sababu mwizi aliyechukua kasha kwake ana muda wote wa kujaribu. Kwa hiyo sisi twapendelea programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa mafundi wote kuyakagua. Bitwarden, iliyoanza 2016, ni ya namna hiyo, na ile ya bure hukubali simu na kompyuta zaidi ya moja. KeePass, aliyoitunga Dominik Reichl mwaka 2003, ni ya bure pia; kasha lake ni faili linalokaa kwako mwenyewe, halihitaji mtandao kabisa, na kwa simu za Android kuna KeePassDX inayolisoma. Ubaya wake ni kwamba nakala ni juu yako. Usipoweka nakala pengine, simu ikipotea umepotelewa na yote. Kile kitunzaji cha Google kilichomo tayari katika simu nyingi ni bora kuliko jina la mtoto, ila chategemea akaunti moja na kufuli la simu yenyewe. Simu ambayo watoto wote nyumbani wanaijua namba yake si kasha.

Kwa mwenzetu wa Usinge tungesema achukue Bitwarden, kwani ana simu moja na si mtu wa kukumbuka nakala. Ndani ya gari la moshi mahali pasipo mtandao ataweza kusoma yaliyomo, mradi awe ameshaingia kabla. Mwenye kompyuta na mazoea ya kutunza nakala, KeePass itamfaa zaidi.

Neno kuu liwe maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati na si kwa kuyapenda. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alifundisha kuyaokota kwa kurusha dadu juu ya orodha ya maneno 7,776. Kwetu yatosha kufungua kamusi huku umefumba macho, mara sita. Methali haifai, wala aya, hata uwe umehifadhi juzuu zote, kwa sababu zimo vitabuni na mashine huzijaribu mapema.

Liandikeni neno kuu hilo katika karatasi, mtie katika bahasha, muifunge, na mumpe mtu mtakayemwachia hata mirathi. Wako watakaosema kuandika ni makosa. Sisi twaona mwizi wa mtandao hafiki kabatini kwa shangazi, lakini warithi wanaoshindwa kufungua akaunti ya marehemu ni jambo linalotokea.

Iko kazi kasha hili haliiwezi. Namba ya siri ya fedha za simu iwekeni kichwani, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na asiambiwe mtu apigaye akajitia ni wa kampuni ya simu. Zile khabari za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zipelekeni kwa 15040 kisha mzifute.

Mwenye kutaka kuonyeshwa namna ya kuanza aje ofisini Jumamosi asubuhi na simu iliyojaa chaji. Aanze na baruapepe, kisha benki; zilizobaki atazibadili kidogo kidogo kila anapoziingia. Neno kuu atalitia mwenyewe, nasi tutageuza nyuso.

Katibu