Akiba Haiozi, Lakini Yataka Kukaguliwa

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Neno hili ni la kweli kwa maana waliyoikusudia wao, yaani mtu awekaye leo hatajuta kesho. Lakini mtu asilichukue neno hili juu juu, akadhani kwamba kitu kikisha kutiwa katika sanduku na kufungwa kimekuwa salama milele. Mpira hupasuka, betri huvuja, dawa hupoteza nguvu, mahindi huvunda, na chuma hushikwa na kutu. Tena mambo hayo huja upesi zaidi katika nchi ya joto kama ya Lodwar. Katika somo hili tutaeleza sababu za kuharibika kwa vitu tunavyoviweka kwa ajili ya siku ya taabu, na namna ya kuvikagua kabla siku hiyo haijafika.

UKAME NA MAFURIKO NI MAJIRANI

Mgeni afikaye Lodwar akaona mchanga na mawe hudhani kwamba hatari ya huku ni moja tu, nayo ni ukame. Mvua ya mwaka mzima hapo kwa wastani ni kama milimita 200 tu. Lakini wenyeji wanajua kwamba mto hushuka hata pale ambapo mbingu ni nyeupe. Turkwel huanzia mbali, katika mlima Elgon. Tarach, upitao Kakuma, hupokea maji ya nchi ya juu upande wa Uganda. Na Kawalase, laga lililo karibu na mji wa Lodwar, huweza kuwa kavu asubuhi na kujaa maji jioni.

Kumbukumbu za nchi zaonyesha hayo. Mwaka 1960 na 1961 ukame mkali uliwapata Waturkana, hata kambi za kugawa chakula zikafunguliwa. Kisha mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1961 mvua kubwa zikaifurikisha Kenya. Jambo kama hilo likarudi katika siku zetu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa kufuatana, mifugo wengi wakafa. Na mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya.

Basi fundisho ni hili: mwenye kujiwekea vitu kwa ajili ya ukame peke yake amejitayarisha nusu. Tena, kati ya taabu moja na nyingine huweza kupita miaka kadhaa, na katika miaka hiyo vitu hukaa gizani bila kuguswa. Hapo ndipo huharibika.

ADUI WANNE WA AKIBA

Adui wa kwanza ni joto. Dawa nyingi huandikwa kwenye kifuniko kwamba ziwekwe mahali pasipozidi nyuzi 30 za joto. Katika Lodwar joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, na chini ya paa la mabati huwa kali zaidi. Msomaji aangalie vizuri hapa. Tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa juu ya dawa ni ahadi yenye sharti: ni ya kweli ikiwa dawa imetunzwa kama ilivyoandikwa. Dawa iliyokaa miezi mingi chini ya bati huweza kufa kabla ya tarehe yake. Basi sanduku la dawa lisiwekwe juu karibu na paa, wala dirishani, wala ndani ya gari. Liwekwe upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, mahali pa chini penye kivuli na hewa.

Adui wa pili ni unyevu. Huu huharibu kiberiti, unga, karatasi, na hasa nafaka. Mtu asiseme kwamba Turkana hakuna unyevu. Gunia moja lililonyeshewa njiani kutoka Kitale latosha kuharibu mengine. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya kama vile Makueni na Kitui, mahindi yaliyowekwa yakiwa hayajakauka yaliota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Adui wa tatu ni wadudu na wanyama wadogo: mchwa, fukusi na panya. Sanduku la mbao au gunia lililowekwa juu ya udongo mtupu huliwa na mchwa kutoka chini, na mwenyewe huona juu tu kwamba li zima. Vitu viinuliwe juu ya mawe au vipande vya chuma, visiegemee ukuta. Na mtu asitie mkono gizani nyuma ya magunia, kwa maana nge na nyoka hupenda mahali palipotulia. Atangulize fimbo na taa.

Adui wa nne ni sisi wenyewe. Kamba huazimwa kufungia mbuzi, betri hutolewa ili kusikiliza redio, turubai hutandikwa siku ya harusi, na havirudi. Hakuna ubaya kutumia kitu. Ubaya ni kutokirudisha, au kukirudisha kichafu, au kutoandika kwamba kimetoka.

JINSI YA KUKAGUA KITU KIMOJA KIMOJA

Kukagua si kutazama. Mwenye kufungua sanduku, akaona tochi, akafunga tena, hakukagua neno. Kukagua ni kukitumia kitu kwa muda mfupi, kama kitakavyotumiwa siku ya hatari.

Mitungi ya maji: Ijaze maji, uifunge, uilaze ubavu kwa saa moja. Plastiki iliyokaa juani huwa kavu na kupasuka kwa ufa mwembamba usioonekana mpaka mtungi uwe na uzito. Tazama pia kifuniko na mpira wake. Ikiwa maji yamewekwa tayari ya kunywa, yabadilishwe kila miezi sita. Yale ya zamani yasimwagwe ovyo, maana maji huku hutoka mbali. Yafulie nguo au yanyweshe mbuzi.

Dawa ya kutakasa maji: Klorini ya maji hupungua nguvu hata ikiwa chupa haijafunguliwa, na joto huizidishia kupungua. Mtu aliyetia matone ya dawa iliyokufa hunywa maji machafu huku akiamini kwamba ni safi. Vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja hudumu zaidi, lakini kifuko kikipasuka kidonge hicho hakifai. Soma tarehe, na ununue kidogo kidogo kuliko kununua kwa wingi.

Pakiti za kurudisha maji mwilini: Hizi huokoa maisha ya mtoto mwenye kuharisha, na kipindupindu kimefika Kakuma zaidi ya mara moja. Unga wake wapaswa kuwa mweupe na mkavu. Ukigeuka rangi ya kahawia au kugandamana kama jiwe, usitumike. Ikiwa pakiti hazifai, kumbuka kipimo hiki: maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi.

Tochi na redio: Betri zisiachwe ndani. Ziwekwe kando katika mfuko mkavu, kwa kuwa zikivuja hula chuma cha tochi na kuiharibu kabisa. Washa tochi kwa dakika tano, si kwa nukta moja; betri dhaifu huwaka kwanza kisha huzimika. Taa ya nguvu za jua isiwekwe ikiwa tupu. Ichajiwe mara kwa mara hata kama haitumiki, la sivyo betri yake hufa.

Turubai na kamba: Vikunjue vyote mpaka mwisho. Turubai huliwa na panya katika mikunjo ya ndani. Kamba ivutwe na watu wawili kwa nguvu, kwa kuwa kamba iliyopigwa na jua hukatika bila kuonya.

Chakula: Ingiza mkono katikati ya gunia. Ukisikia joto au unyevu, ukiona vumbi la fukusi, au ukinusa ukungu, usingoje. Cha zamani kiliwe kwanza, kipya kiwekwe nyuma.

Hati: Kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti vya shule, na kwa wakazi wa kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, karatasi zao za uandikishaji, vyote vitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mahali pamoja panapojulikana na watu wazima wote wa nyumba.

HESABU YA MTUNGI MMOJA

Tuseme nyumba ina watu sita. Kila mtu apewe lita 3 za kunywa kwa siku. Hizo ni lita 18 kila siku. Wakikatizwa na mafuriko kwa siku tatu, watahitaji lita 54. Mitungi mitatu ya lita 20 yatosha, na lita 6 hubaki.

Sasa tuseme mtungi mmoja una ufa usioonekana, na maji yake yamekwisha mchangani. Zimebaki lita 40. Siku ya kwanza 18, siku ya pili 18, na asubuhi ya siku ya tatu zimebaki lita 4 kwa watu sita katika joto la Lodwar. Ufa ule ungeonekana kwa kazi ya saa moja mwezi wa Februari.

MAJIRA YA KUKAGUA

Mvua za masika hutazamiwa tangu Machi mpaka Mei, na za vuli tangu Oktoba mpaka Desemba. Basi ukaguzi mkubwa ufanywe mara mbili kwa mwaka: Februari na Septemba. Hapo pana nafasi ya kununua kilichopungua, nayo barabara haijakatwa. Mtu akingoja mpaka barabara ya Kitale ikatike atakuta maduka matupu, au bei iliyopanda. Zaidi ya hayo, siku moja katika kila mwezi itengwe kutazama dawa, betri na chakula. Wazee watuambia, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni vizuri pia kusikiliza taarifa za Idara ya Hali ya Hewa, na zile za ukame zitolewazo kila mwezi kwa kila kaunti kame na Mamlaka ya Kitaifa ya kusimamia ukame, iliyoundwa mwaka 2011. Taarifa ikionya, ndiyo ishara ya kufungua sanduku tena.

DAFTARI NA UFUNGUO

Shule, zahanati, kanisa, msikiti au kamati ya maji yenye bohari yapaswa kuwa na daftari lenye safu tano: jina la kitu, idadi yake, tarehe ya mwisho, siku kilipokaguliwa, na sahihi ya watu wawili. Wawili hushuhudiana; mmoja huweza kuandika "vyema" bila kuinuka kitini.

Ufunguo nao usiwe kwa mtu mmoja. Mafuriko hayangoji mwalimu mkuu arudi kutoka mkutanoni Nairobi. Uwepo ufunguo wa pili kwa mtu alalaye karibu na bohari, na watu wajue jina lake.

Kamati za maji zikumbuke pia vipuli vya pampu. Mpira wa pampu ya mkono ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini ukiharibika wakati wa ukame kijiji kizima pamoja na mifugo yake hukosa maji. Mipira ya akiba iwekwe gizani na penye ubaridi. Ukiikunja ikaonyesha nyufa, itupwe.

Jambo hili si geni kwa Waturkana. Akina mama wa huku tangu zamani hukausha maziwa wakati wa neema ili yaliwe wakati wa kiangazi, na mfugaji hukagua chombo chake cha maji kabla ya kuhama, si baada ya kufika jangwani. Kilichobadilika ni vyombo tu: mahali pa kibuyu na ngozi pamekuja plastiki, betri na vidonge. Uangalifu ni ule ule.

MASWALI

1. Kwa nini tarehe iliyoandikwa juu ya dawa haitoshi peke yake katika Lodwar?
2. Kuna tofauti gani kati ya kutazama tochi na kuikagua?
3. Nyumba yenye watu wanane yahitaji lita ngapi za kunywa kwa siku tatu, na mitungi mingapi ya lita 20?
4. Fungua sanduku la nyumbani kwako leo. Andika vitu vitatu ambavyo visingefaa kitu kama mto ungeshuka usiku huu, na siku utakayovibadilisha.