Vyungu vya Wakisi, Vyombo vya Meksiko na Sumu ya Risasi

Liganga, wilayani Ludewa, inajulikana kwa chuma chake kuliko kwa udongo wake. Lakini anayeteremka kutoka milimani hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa huwakuta Wakisi, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu tangu vizazi vingi. Vyungu vya Ikombe, karibu na Matema, husafirishwa mbali, na siku hizi hununuliwa pia na watu wanaovikusanya kwa uzuri wake tu. Je, chungu cha kale ni salama kwa chakula?

Jibu tulitafute kwanza Meksiko. Huko, tangu Wahispania walipoingia katika karne ya 16, vyombo vingi vya udongo hupakwa utando unaong'aa kama kioo, uliotengenezwa kwa oksidi ya risasi. Utando huo usipoiva vizuri motoni, limau, nyanya au siki huiyeyusha risasi, nayo ikaingia mwilini pamoja na chakula. Unga wake, uitwao greta, umewahi hata kutumiwa kama dawa ya tumbo kwa watoto, ukawadhuru waliokusudiwa kuponywa. Risasi hupunguza damu, huharibu figo, na hudhoofisha ubongo wa mtoto, mara nyingi bila dalili ya wazi. Shirika la Afya Duniani halijui kiwango chake kisicho na madhara.

Chungu cha Wakisi hakina utando wa namna hiyo. Husuguliwa kikalainika, hupambwa kwa udongo wa rangi, kisha huchomwa kwa moto wa wazi. Kwa hiyo hatari ya Meksiko haimo ndani yake kwa asili. Huletwa na sisi wenyewe. Wapo wanaokipaka rangi ya mafuta ili kipendeze sebuleni, na baadhi ya rangi hizo, hasa za zamani, zina risasi. Chombo kilichopakwa hivyo kibaki pambo: kisiwekewe maji, wala ulanzi, ambao ukichacha huwa na asidi. Wala tusidhani kwamba sufuria ni salama daima. Uchunguzi uliofanyika Kamerun ulikuta risasi katika sufuria zilizoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu.

Mtungi wa maji una jambo lake jingine. Vinyweleo vyake hupitisha unyevu, na unyevu huo ukikauka maji hupoa. Lakini maji ya baridi si lazima yawe safi. Mkono au kikombe kinachotumbukizwa humo huingiza vijidudu vya kuhara. Mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko hufaa zaidi, na maji yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, inayotundikwa, isiyolazwa chini.

Mhudumu wa afya anapompokea mtoto mwenye upungufu wa damu usiorekebishwa na madini ya chuma, au anayeumwa tumbo mara kwa mara bila sababu kuonekana, amuulize mama: mnapikia nini, mnahifadhia nini, na chombo hicho kilipakwa nini? Palipo na shaka, kipimo cha risasi katika damu ndicho kinachothibitisha, na chombo kiondolewe jikoni hata kabla majibu hayajarudi.