Kompyuta inayozimwa ukutani kila usiku

*Nina kompyuta ya mezani ya Windows hapa Kisauni. Kila usiku naichomoa kwa kuogopa umeme kupotea na kurudi kwa nguvu. Siku hizi inajikokota, na kila nikiiwasha inadai masasisho. Imeharibika? — Msomaji, Kisauni*

Dalili hizo hazionyeshi ubovu. Huenda kompyuta imekosa tu muda wa kujihudumia. Kwa kawaida Windows hupanga matengenezo yake saa 8 usiku: hutafuta masasisho, hupekua virusi na kupanga diski. Sharti iwe imewashwa, imo kwenye umeme na haitumiki. Iliyochomolewa hulimbikiza kazi hizo hadi asubuhi, mwenyewe anapoihitaji.

Dawa ni kubadilisha saa. Kwenye kisanduku cha kutafutia huandikwa Automatic Maintenance, kisha huchaguliwa, tuseme, saa 7 mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Wakati huo kipanya kisiguswe. Intaneti ya bando la simu ikiwa imewekwa kama metered (inayopimwa), masasisho mengi hayashuki. Ni bora kutumia Wi-Fi isiyopimwa hata mara moja kwa mwezi.

Hofu ya umeme ni ya haki, na UPS (kifaa cha betri ya akiba) ndiyo kinga bora. Mbali na matengenezo ya Windows, vumbi na unyevu wa chumvi wa pwani havitolewi na programu yoyote: feni husafishwa kwa mkono, kompyuta ikiwa imechomolewa.

Diski ikigonga-gonga au mafaili yakipotea, nakala zihifadhiwe kwanza, ndipo aitwe fundi. Na kama kompyuta bado inatumia Windows 10, masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.