Mwaka wa Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Kati ya pwani ya Tanga na milima ya Usambara iko nchi ya vilima vifupi iitwayo Bonde, na mji wake mkubwa ni Muheza. Ardhi yake ni njema. Minazi, michungwa na mihogo husitawi, na mahindi hulimwa kila mwaka. Mgeni apitaye njiani hudhani kwamba katika nchi kama hiyo hapana mtoto awezaye kuona njaa.

Walakini chakula hakiji kwa kipimo kimoja mwaka mzima. Baada ya mavuno ya Julai na Agosti watu hushiba. Mwezi wa Oktoba huanza mvua za vuli, nazo huendelea mpaka Desemba. Januari na Februari ni wakati wa kaskazi, jua ni kali na visima hupungua maji. Kisha huja masika, tangu Machi hata Mei. Huo ndio wakati wa kazi nyingi kuliko wakati wote, tena ndio wakati ambapo akiba ya zamani imekwisha na mahindi mapya hayajakomaa.

Mtu mzima huweza kustahimili. Mtoto mchanga anayo maziwa ya mama yake. Lakini katika kila nyumba yupo mmoja ambaye majira humjaribu kuliko wengine wote, naye ni mtoto aliyeachishwa ziwa karibuni. Tumbo lake ni dogo, meno yake ni machache, na hajui kusema vema haja yake. Habari ya nyumba moja ya Bonde yatosha kuwa mfano.

1. Mavuno

Katika nyumba hiyo walikaa baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu. Kifungua mimba alikuwa binti wa miaka 11, naye alikwenda shule. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka 8. Wa tatu alikuwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, angali akinyonya. Mama alikuwa mja mzito.

Mwezi wa Agosti mahindi yalikuwa yamekauka shambani. Wote walikwenda kuvuna, na mtoto mdogo akaketi mkekani chini ya mwembe pamoja na bibi yake. Magunia yalipojaa, wachuuzi walikuja na gari kutoka mjini. Baba alitaka kuuza mahindi yote, apate fedha ya kununua mabati ya kuezekea nyumba, maana makuti yalikuwa yamechakaa.

Bibi akamwambia, "Mwanangu, bati ni kitu chema, lakini hesabu vinywa kwanza. Leo tu watu sita. Masika itatukuta tu saba."

Baba akajibu, "Mama, chakula kikitupungukia tutanunua."

Bibi akasema, "Utanunua kwa nani? Sasa kila mtu anauza, ndiyo sababu bei ni ndogo. Mwezi wa Aprili kila mtu atatafuta kununua, na bei itakuwa kubwa. Utakuwa umeuza chakula cha wanao kwa rahisi, na kukinunua tena kwa ghali."

Baba alinyamaza, akakaa usiku ule akihesabu. Alipiga hesabu ya debe ngapi huliwa katika mwezi mmoja, na miezi mingapi ingaliko mpaka mavuno mengine. Asubuhi aliuza sehemu moja tu ya mahindi, akanunua mabati machache yasiyotosha paa lote. Mahindi yaliyobaki yalianikwa juani mpaka yakakauka kabisa, maana mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu wa namna nyingine una sumu. Kisha yakawekwa juu ya uchaga. Kunde nazo zilianikwa, zikatiwa ndani ya mitungi na kufunikwa. Wahenga walisema, "Akiba haiozi."

2. Vuli

Siku zile mama alianza kumzoeza mtoto chakula zaidi na ziwa kidogo. Zamani watu wengi waliamini kwamba maziwa ya mama mwenye mimba humdhuru mtoto anyonyaye, wakamwachisha mara moja kama mtu akataye kamba. Waganga wa hospitali hufundisha kwamba maziwa hayo hayana sumu. Husema kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha apewe chakula pamoja na maziwa mpaka atimize miaka 2 au zaidi, ikiwezekana. Na akiachishwa, aachishwe polepole.

Mvua za vuli zilipoanza, maji yalichukua taka za njiani na kuzitia kisimani. Haukupita muda mtoto akashikwa na kuhara. Macho yake yaliingia ndani, na midomo yake ikakauka. Bibi alitaka anyimwe maji, akidhani kwamba maji ndiyo yanayozidisha kuhara. Lakini binti alikuwa amefundishwa shuleni kwamba mtoto aharaye hufa kwa sababu ya kupotewa na maji mwilini.

Akamwambia bibi yake kwa adabu, "Bibi, mwalimu alitufundisha kwamba mtoto akihara apewe maji yenye sukari na chumvi. Niruhusu nichemshe."

Bibi akamtazama, akasema, "Haya, mjukuu wangu, fanya kama ulivyofundishwa."

Katika zahanati hutolewa pakiti za dawa hiyo, nazo ni bora zaidi. Lakini usiku ule pakiti haikuwapo. Binti alichemsha maji, akayaacha yapoe, akapima lita 1. Akatia sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo. Hakukadiria kwa macho, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Akamnywesha kidogo kidogo kwa kijiko usiku kucha, akipokezana na mama yake. Asubuhi baba alimchukua mtoto zahanati, akapewa pakiti pamoja na vidonge vya zinki. Dawa hiyo ya maji ilijulikana sana mwaka 1971, wakati ilipookoa wakimbizi wengi wa Bangladesh walioshikwa na kipindupindu nchini Bara Hindi.

Mwezi wa Novemba mama alijifungua mtoto wa kike.

3. Kaskazi

Basi yule mtoto wa tatu akawa ameondolewa mahali pake. Mgongo wa mama ulikuwa wa mwingine, na ziwa lilikuwa la mwingine. Alilia sana, kisha akazoea kumfuata dada yake kila aendako.

Mwezi wa Januari mama alirudi shambani kufyeka, akimbeba mchanga mgongoni. Embe zilikuwa nyingi, na watoto walikula mpaka wakashiba. Mtu angaliona matumbo yao angalisema hapana haja ya wasiwasi. Lakini binti aliona neno moja wakati wa chakula cha jioni. Watoto wote walikula katika sinia moja. Kaka yake wa miaka 8 alikata tonge kubwa na kuchovya upesi. Mdogo alikata tonge dogo, likaanguka, akaliokota, na alipolimeza mboga ilikuwa imekwisha. Kila siku alikula ugali mtupu, na wakubwa walidhani kwamba amekula kama wenziwe.

Binti alimwambia mama yake jambo hilo. Tangu siku ile mtoto alipewa kibakuli chake mwenyewe. Chakula chake kilitiwa humo kabla ya sinia kuwekwa chini, na dada yake aliketi karibu naye mpaka amalize. Tena hakula mara mbili kama watu wazima, bali mara nne au tano, kidogo kidogo. Uji wake haukuwa mwepesi kama maji. Ulitiwa karanga zilizotwangwa, au tui la nazi, na mara nyingine dagaa waliopondwa wakawa unga. Kunde alipondewa, na mchicha alikatiwa mwororo. Uji mwepesi hujaza tumbo, lakini haujengi mwili.

Ugonjwa wa watoto wakosao chakula kama hicho huitwa unyafuzi, au kwashiakoo. Neno hili la pili latoka katika lugha ya Waga wa nchi ya Ghana. Daktari mwanamke, Cicely Williams, alieleza habari za ugonjwa huo mwaka 1933, akiwa huko Ghana, ambayo wakati ule iliitwa Gold Coast. Alijifunza kwamba wenyeji wenyewe walikwisha kujua ni nani ashikwaye: ni mtoto aliyepokonywa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Nywele zake huwa chache na nyekundu, ngozi hubanduka, na miguu na uso huvimba. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Humwona mashavu yamejaa, wakasema amenona. Lakini mtoto aliyenona hucheza. Mwenye unyafuzi hukaa kimya mahali pamoja, hana furaha, wala hataki kula. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo hubaki. Mtoto wa namna hiyo haponi kwa hirizi, wala si kazi ya jicho baya. Apelekwe hospitali siku ile ile.

4. Masika

Mwezi wa Machi mvua kubwa zilishuka. Baba na mama walitoka alfajiri kupanda, wakarudi jioni wamechoka. Aprili nyumba nyingi za jirani zilikuwa hazina unga, watu wakala mihogo asubuhi na jioni. Katika nyumba hii uchaga ulikuwa ungali na mahindi, na mitungi ilikuwa na kunde. Mama aliwapimia jirani wawili wenye watoto wadogo, maana kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Lakini hatari nyingine ilikuwa imengoja. Nyumba ilikuwa na chandarua kimoja chenye dawa, juu ya kitanda cha mama. Mchanga alipozaliwa, mtoto wa tatu alihamishwa, akalala mkekani kwa bibi pasipo chandarua. Alikuwa amekosa ziwa, akakosa na kinga yake ya usiku, na hapana aliyefikiri.

Usiku mmoja mwili wake ulikuwa moto kama jiwe la figa. Alitetemeka, akatapika. Mvua ilikuwa ikinyesha na njia ilikuwa matope. Baba alisema, "Tungoje kupambazuke, mvua iishe." Bibi akasema, "Mwanangu, homa haingoji mvua." Baba alimfunga mtoto kifuani kwa kanga, akachukua taa, akaenda. Zahanati walimtoboa kidole, wakapima tone la damu, wakaona malaria, wakampa dawa mara moja. Mwuguzi akamwambia baba, "Umefanya vema kuja usiku. Malaria humwua mtoto mdogo upesi. Pengine siku moja yatosha."

Mwaka 1897, Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu, na ndipo njia ya ugonjwa huo ilipoanza kujulikana. Mbu jike wa aina hiyo huuma usiku, na wakati wa mvua huzaa katika vidimbwi vya maji. Hata Muheza pana sehemu katika habari hii, maana mwishoni mwa miaka ya 1980 vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa katika vijiji vya huko, na faida yake ilionekana.

Homa ilishuka, lakini kwa siku tatu mtoto alikataa chakula. Ndizo siku zilizokuwa ngumu kuliko zote, maana mtoto atokaye katika homa akikosa kula huingia katika unyafuzi. Binti alishika kibakuli. Hakumlazimisha wala hakumkemea. Alimpa kijiko kimoja cha uji wa karanga, akamwacha kidogo, akampa tena. Siku ya kwanza alikula vijiko 4. Siku ya pili alikula 9. Siku ya nne alikinyakua kibakuli kwa mikono yake mwenyewe, na bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Baba alipata chandarua cha pili, akakitundika juu ya mkeka wa bibi.

5. Mavuno Tena

Mwezi wa Juni ubaridi wa kipupwe uliingia, na mahindi mabichi yakaanza kuchomwa. Agosti watoto walipimwa zahanati. Mwuguzi alimpima mtoto uzito, akaandika katika kadi yake, kisha akamzungushia utepe mkononi, juu ya kiwiko. Utepe huo una rangi tatu. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, nayo ni hatari. Manjano ni onyo. Kijani ni salama. Utepe ulisimama penye kijani.

Mwaka ule baba aliuza mahindi tena, na mabati ya paa lote yakapatikana. Lakini kabla ya kuuza alihesabu vinywa, wala hakungoja kukumbushwa.

Wazazi hulima na kuweka akiba, na waganga hutoa dawa. Lakini kibakuli cha mtoto mdogo mara nyingi huwa mikononi mwa dada yake au kaka yake asomaye shule. Akikilinda vema, amelinda uhai wa mtu.

Maswali

1. Kwa nini bei ya mahindi ni ndogo mwezi wa Agosti, na kubwa mwezi wa Aprili?
2. Eleza jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Kwa nini yapasa kupima vema?
3. Binti aliona neno gani wakati wa chakula cha jioni? Akafanya nini?
4. Taja dalili nne za unyafuzi. Kwa nini watu hudanganyika?
5. Mtoto alikosa vitu gani viwili mdogo wake alipozaliwa?
6. Hesabu watu wa nyumba yenu na debe za unga ziliwazo katika mwezi mmoja. Mwaataka debe ngapi tangu Septemba mpaka Julai?